"Nilikuwa Nimelewa": Kauli Isiyotosha Mbele ya Sheria

Na Mwandishi Wetu, Mkwajuni

Mkwajuni, makao makuu ya Wilaya ya Songwe, umezungukwa na machimbo madogo ya dhahabu yanayovuta vijana wengi. Kijana anayetumia dawa za kulevya anapomjeruhi mwenzake, ndugu huwa wepesi kusema: "Si yeye, ni bangi." Kauli hiyo inastahili kupimwa kwa sayansi na kwa sheria.

Kisayansi, ina chembe ya ukweli. Heroini na kokeini huongeza dopamini, kemikali inayoufunza ubongo kurudia jambo lililouridhisha. Matumizi yakiendelea, hamu huzidi, huku sehemu ya mbele ya ubongo, inayopima matokeo na kuzuia pupa, ikidhoofika. Sehemu hiyo huendelea kukomaa hadi takriban umri wa miaka 25, hivyo kijana huathirika zaidi. Bangi nayo hupunguza umakini na kumbukumbu, na kwa baadhi ya watu huchochea maradhi ya akili.

Hata hivyo, Kifungu cha 14 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kinaeleza kuwa ulevi, ukiwemo wa dawa za kulevya, si utetezi. Msamaha huwepo tu ikiwa mshtakiwa hakujua alitendalo, au hakujua kuwa ni kosa, na ama alileweshwa bila ridhaa yake kwa hila au uzembe wa mtu mwingine, ama ulevi ulimtia wazimu, hata wa muda. Aidha, mahakama huzingatia ulevi inapopima nia. Hivyo shtaka la mauaji ya kukusudia laweza kuishia katika kuua bila kukusudia. Hilo nalo ni kosa lenye kifungo.

Kwa hiyo, familia inayotegemea ulevi umwokoe kijana wao mahakamani inategemea mlango mwembamba mno. Mlango mpana ni tiba kabla ya kosa. Tanzania ilianza kutoa methadoni katika Hospitali ya Taifa Muhimbili mwaka 2011 kwa waraibu wa heroini. Watumiaji wa bangi husaidiwa zaidi kwa ushauri nasaha.

Wananchi wanahimizwa kumfikisha mraibu katika kituo cha afya mapema, dalili zinapoanza kuonekana, bila kumficha wala kumwonea aibu. Uraibu ni ugonjwa unaotibika. Hukumu ikishatolewa, jeraha la aliyedhurika hubaki.