STAA KATINGA SITALIKE, KAVUTA MASHINE KAMA NDOO YA KISIMANI, HALAFU ETI ANAUZA SOMO!

Wadau, ile klipu mmeiona. Staa mmoja wa Bongo, jina kapuni, kaja Sitalike kula bata. Kafikia gesti moja karibu na daraja la mto Katuma, pale ambapo kiangazi viboko wanajazana kwenye tope mpaka unashindwa kujua kichwa ni cha nani na mgongo ni wa nani. Barazani kakuta mashine ya kupiga makasia. Shati likavuliwa, simu ikasimamishwa juu ya kreti la soda, staa akaanza kuvuta huku anapiga kelele kama mtu anayeng'olewa jino. Juu ya posti kaandika kwamba ameuvuka Katuma bila kulowa.

Hadi hapo hakuna ubaya. Mtu ana shati lake, ana kifua chake, avue. Tatizo ni siku mbili baadaye, alipoleta tangazo: programu ya wiki 4 ya kuwa fiti kwa makasia, shilingi elfu 35, lipa kwa simu. Na klipu ya kuonyesha namna ya kufanya ni ileile ya Sitalike!

Turudi kwenye klipu basi, maana wengi waliangalia kifua hawakuangalia kazi.

Kwanza, magoti. Akishamaliza kuvuta, anakunja magoti kabla mikono haijarudi mbele. Matokeo yake mpini unagonga goti, inabidi aurushe juu kuuvusha, na mnyororo unacheza kama kamba ya watoto wanaoruka. Mnyororo wa mashine ile unatakiwa utoke na kurudi umenyooka. Ukiuona unapanda na kushuka, jua mwenye nao amekosea mpangilio.

Pili, makalio yanatangulia. Anasukuma miguu, kiti kinakimbia nyuma, mpini umebaki palepale mbele. Miguu imeshamaliza nguvu zake bila kuvuta chochote, halafu mgongo uliojikunja kama ndoano ndio unabebeshwa mzigo wote. Yaani kwenye klipu nzima mguu wake haujafanya kazi hata ya shilingi mia.

Mpangilio wenyewe siyo siri ya serikali. Kuvuta ni miguu, kisha mgongo, kisha mikono. Kurudi ni kinyume chake: mikono inanyooka kwanza, mgongo unainama mbele kutokea kwenye nyonga, magoti yanakunjwa mwisho. Kuvuta kwa haraka na nguvu, kurudi taratibu, karibu mara mbili ya muda wa kuvuta. Staa anarudi mbele kwa kasi kama kaona nyoka, kisha anashangaa kwa nini pumzi imekata.

Sasa kwa nini haya yaandikwe kwenye ukurasa wa mastaa? Kwa sababu Sitalike kuna kijana alinunua lile somo.

Mashine ile iliachwa pale na mzungu mmoja aliyekuwa akija kufanya utafiti wa wanyama. Haihitaji umeme, ni feni na mnyororo tu, kioo chake kinatumia betri mbili kubwa kama za tochi. Mama mwenye gesti akaona isikae bure, anatoza shilingi elfu moja kwa dakika 10. Huyo kijana ni mpakuaji wa magunia ya mpunga, na anaota Pasiansi, Mwanza, kule wanakofundishwa askari wa wanyamapori. Anajua kule hawachukui mtu wa pumzi fupi. Ndiyo maana akachanga elfu 35, ambayo kwake ni magunia mengi sana, akaipeleka kwa staa.

Somo likamwambia nini? Weka namba 10, vuta mivuto 40 kwa dakika, ukisikia mgongo unaungua ujue unafanya kazi. Kijana akatii. Mara ya kwanza alimaliza mita 2000 kwa dakika 10 na sekunde 4. Siku ya tatu mgongo ukakaza, akashindwa kuinama hata kufunga kandambili. Siku 9 hakubeba gunia. Wanaopakua magunia wanajua, siku 9 bila gunia hazina likizo ya malipo wala bima. Alipomtumia staa ujumbe, akajibiwa kwa alama ya msuli na neno "kaza".

Kaza? Ukaze mgongo uliokwishakaza!

Wapambe wake nao wakaibuka. Mmoja akauliza, mbona wavuvi wa Karema kule Ziwa Tanganyika wanavuta kwa mikono na mgongo tangu enzi za babu zao, na wako fiti? Swali zuri, jibu lake ni rahisi. Wale wengi wanatumia kafi. Kafi unalishika mkononi, halijafungwa popote, unatazama uendako, na ubao unaokalia hautembei. Kasia ni kitu kingine: limeshikizwa kwenye chombo, mpigaji anatazama nyuma, na kwenye boti za mashindano kiti kina magurudumu. Hicho kiti kimewekewa magurudumu ili miguu ipate nafasi ya kusukuma. Ukikalia kiti kinachoteleza halafu ukavuta kwa mikono kama uko kwenye mtumbwi, umepanda basi na bado unatembea kwa miguu humohumo ndani.

Na kama ni kuongelea mikono, basi tuongee kwa heshima. Mkenya Asiya Mohamed Sururu, aliyepoteza miguu yote miwili kwa ajali ya treni akiwa mtoto mdogo, alipiga makasia kwenye Paralimpiki ya Tokyo, iliyofanyika 2021. Daraja lake ni la wanaotumia mikono na mabega. Huyo ndiye mwenye haki ya kuvuta kwa mikono. Jirani zetu Uganda nao wana Kathleen Noble, mpiga makasia wao wa kwanza kwenye Olimpiki, Tokyo hiyohiyo. Kwa hiyo mchezo huu Afrika Mashariki una wenyewe, na hakuna hata mmoja kati yao aliyeufikia kwa kuweka namba 10 na kupiga kelele.

Hiyo namba 10 ndiyo imedanganya wengi. Pembeni ya feni kuna kidude cha namba 1 hadi 10, na mtu akikiona anadhani ni kilo. Aliyemfungua macho kijana wetu ni mzee mmoja fundi baiskeli wa palepale kijijini, ambaye hajawahi kukalia mashine ile hata mara moja. Kijana alimkuta akiwa amekaa barazani, akamwamkia.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Mgongo vipi?"

"Unaachia kidogo. Ila nikirudi naweka tena kumi, nizoee."

Mzee akazungusha feni kwa kidole, akafungua kile kidude, akafunga, akafungua tena. "Mjukuu wangu, huu siyo mzigo, hii ni gia. Unafungua tundu hewa nyingi iingie, gurudumu linakuwa zito kushika. Baiskeli ukiipandisha mlima kwa gia nzito unafika?"

Ndivyo ilivyo. Kidude kinaongeza au kupunguza hewa inayoingia kwenye feni. Mashine yenyewe inapima feni inavyopoteza mwendo kati ya mvuto na mvuto, ikajua ni nzito au nyepesi, ndipo inahesabu mita. Hakuna mita za bure kwa kuweka 10. Wapigaji wengi wenye uzoefu wanaweka 3 hadi 5 na wanakwenda kasi ambayo staa ataiona kwenye tivii tu. Mwaustralia Josh Dunkley-Smith alivuta mita 2000 kwa dakika 5 na sekunde 35.8 mwaka 2018. Gawanya kwa nne muone kila mita 500 alikula sekunde ngapi.

Kwenye klipu ya staa, ukiisimamisha, kioo kinaonekana: dakika 2 na sekunde 35 kwa mita 500, mivuto 40 kwa dakika. Piga hesabu. Hiyo ni mivuto 103 kwa mita 500, kila mvuto haufiki mita 5. Mtu anayevuta vizuri mara 20 tu kwa dakika akapata 2:20, kila mvuto wake ni zaidi ya mita 10 na nusu. Nusu ya kelele, spidi zaidi. Mnaonunua somo, mngeanza kwa kukitazama hicho kioo.

Kijana baada ya mgongo kuachia alianza upya. Kidude kwenye 4. Wiki nzima ya kwanza alivuta kwa miguu tu, mikono imenyooka, mgongo hautikisiki, watoto wa mtaani wanamcheka. Ya pili akaongeza mgongo, ya tatu mikono. Mpini kaushika kwa vidole kama ndoano, siyo kwa kuunyonga. Baada ya hapo siku mbili kwa wiki dakika 20 taratibu, mivuto 20 kwa dakika, na siku moja mita 500 mara nne za kasi, akipumzika katikati. Spidi haiji kwa mkupuo, na hapo pana sababu: kutoka 2:20 hadi 2:10 zinaonekana sekunde 10 tu, kumbe inahitaji nguvu zaidi kwa karibu robo. Anayekuahidi kushusha sekunde 30 kwa wiki anataka hela yako.

Wiki ya saba kijana akarudia mita 2000. Dakika 8 na sekunde 40. Alikwishaanza kupakua magunia siku nyingi, na anasema hata gunia siku hizi analiinua kwa miguu.

Elfu 35 yake haijarudishwa. Staa yeye ameshahamia kwenye kuuza unga wa kupunguza kitambi.

Ila mashine ipo barazani, viboko wapo chini ya daraja, na kijana ameacha elfu moja kwa mama mwenye gesti. Ni ya staa, siku akipita tena, amelipiwa dakika zake 10 avute mita 2000 mbele ya watu. Kwa spidi ya ile klipu hazimtoshi. Zitampungukia sekunde 20.