Gari la kabureta linalozima likisimama: tuanzie wapi?

Katika nyumba nyingi za jamii yetu lipo gari ambalo umri wake unazidi ule wa watoto wanaopanda ndani yake. Limerithiwa kwa baba au limenunuliwa kwa akiba ya miaka mingi, nalo ndilo liendalo sokoni, shuleni, na hospitali usiku wa dharura. Gari la namna hiyo aghalabu hutumia kabureta, na malalamiko ya wenye nalo yanafanana: barabarani linakwenda vizuri, lakini dereva akiondoa mguu kwenye pedeli ya mafuta, injini hutetemeka, husinzia, kisha huzima. Wiki hii tunakusudia kulieleza jambo hilo kwa utaratibu, kwa sababu zipo familia zinazouziwa kabureta nzima kwa ugonjwa ambao haukuwa wa kabureta.

Mzunguko wa injini wakati mguu hauko kwenye pedeli mafundi wetu huuita sailensi. Kwa magari mengi madogo ya miaka ya 1970 na 1980, sailensi huwa kati ya mizunguko 700 na 900 kwa dakika. Kipimo halisi cha gari lako kimo katika kitabu chake, na mara nyingi kwenye kibandiko kilicho chini ya boneti. Magari ya leo yana kompyuta inayoongeza au kupunguza mafuta kila mara bila dereva kujua. Kabureta haina akili hiyo. Hufanya kazi vile ilivyorekebishwa kwa bisibisi, na hitilafu ndogo popote kwenye injini huonekana kwanza pale gari linaposimama.

Sababu yake si ngumu kuielewa. Lita moja ya petroli huhitaji takriban lita 9,000 za hewa ili iungue sawasawa. Gari likiwa katika mwendo, hewa hupita kwa kasi kwenye koo la kabureta na kuivuta petroli kupitia jeti kubwa. Gari likisimama, bamba la koo hukaribia kufunga kabisa, hewa huwa kidogo, na jeti kubwa haitoi kitu. Petroli yote hupitia njia nyingine nyembamba, yenye jeti yake ambayo tundu lake ni kama nusu milimita tu. Punje moja ya kutu kutoka kwenye tangi yatosha kuliziba. Vivyo hivyo, hewa inayoponyoka kuingia kupitia ufa mdogo haina athari kubwa barabarani, ambako injini inavuta hewa nyingi; lakini kwenye sailensi ufa huohuo huvuruga mchanganyiko wote.

Hapa ndipo tunapotoa nasaha yetu ya kwanza, nayo ndiyo kubwa: usikubali tiba ianzie kwenye skrubu ya sailensi. Kuikaza skrubu hiyo kutalifanya gari lisizime siku ile, na fundi atalipwa na kuondoka. Lakini ugonjwa utakuwa umefichwa tu. Petroli itatumika zaidi, gari la gia za kujiendesha litasukuma mbele kila dereva anapolegeza breki, na huenda injini ikaendelea kugonga hata baada ya ufunguo kuzimwa. Tena, mwenye kulipeleka gari sokoni likiwa limefichwa hivyo, hali anajua, na ajiulize mnunuzi wake atapata nini siku skrubu hiyo itakapolegezwa.

Kabla ya kufungua kitu, tazama ni wakati gani gari linazima. Likizima asubuhi tu na kutulia likipata moto, mtuhumiwa wa kwanza ni choki isiyofunga vizuri. Likiwa zuri asubuhi na kuanza kusumbua likipata moto, huku likitoa moshi mweusi na harufu kali ya petroli, huenda choki haifunguki, au boya lililo ndani ya kabureta limepanda mno na linamwaga mafuta. Likizima kila unapokanyaga breki, angalia mpira mnene unaotoka kwenye manifoldi kwenda kwenye busta ya breki. Likizima wakati wote, baridi na moto, fuata hatua tutakazozitaja. Maelezo hayo matatu au manne, yakiandikwa kwenye karatasi na kupewa fundi, yatampunguzia kubahatisha.

Hatua ya kwanza ni moto wa plagi, kwa maana wengi huilaumu kabureta kwa kosa la umeme. Fungua plagi zote na uzitazame. Zenye rangi ya kahawia hafifu ziko salama. Nyeusi zenye masizi makavu zinaonyesha petroli imezidi. Nyeupe kupita kiasi zinaonyesha hewa imezidi. Na zilizolowa oili zinaashiria maradhi ya ndani ya injini. Kisha zitazamwe waya za plagi, kifuniko cha distribyuta, na pointi zake ikiwa gari ni la kale kiasi cha kuwa nazo. Pointi zilizoungua au zenye mwanya usio sahihi hazitaiacha injini itulie, hata ukiipa kabureta mpya. Taimingi nayo ipimwe, kwa kuwa ikichelewa hushusha sailensi. Chujio la hewa likiwa limejaa vumbi libadilishwe papo hapo.

Hatua ya pili ni kuitafuta hewa inayoingia kwa wizi. Pita kwenye mipira yote midogo inayounganisha kabureta, manifoldi na distribyuta. Ikunje kwa vidole, na uliopasuka utaonekana. Sikiliza kama kuna sauti ya kufyonza. Injini ikiwa inanguruma, unaweza kubana mpira mmoja baada ya mwingine kwa koleo laini. Sailensi ikitengemaa ulipobana mmoja, umempata mwizi. Kwa gasketi iliyo chini ya kabureta, nyunyiza maji kidogo kwa chupa ya kupulizia, mbali na waya za umeme. Mlio wa injini ukibadilika maji yalipogusa mahali fulani, hapo pana ufa. Wapo wanaofanya jaribio hili kwa petroli juu ya injini yenye moto. Jambo hilo halifai hata kidogo.

Tutoe mfano ulio karibu nasi. Kamati yetu ya msikiti inalo gari la zamani linalobeba majeneza. Msafara wa maziko huenda polepole na kusimama mara nyingi, kwa hiyo sailensi mbaya haiwezi kuvumiliwa: wafiwa wako nyuma, jua ni kali, na gari linazima kwenye njia ya makaburini. Fundi mmoja alishauri inunuliwe kabureta mpya. Mhazini wetu, ambaye hatoi fedha ya waumini bila ya hoja, aliomba kwanza mipira ikaguliwe. Mzee mmoja fundi aliufuata mpira unaokwenda kwenye distribyuta, akakuta umechanika upande wa chini, mahali pasipoonekana mtu akisimama. Kipande kipya cha mpira kilimaliza shauri. Kabureta ileile ingali inafanya kazi.

Hatua ya tatu, baada ya umeme na hewa kusalimika, ndiyo kabureta yenyewe. Makabureta mengi ya zama hizo yana kifaa kidogo cha umeme, solenoidi, kinachofungua njia ya petroli ya sailensi pale ufunguo unapowashwa. Washa ufunguo bila kuwasha injini, kisha zima, huku mwenzako akitega sikio kwenye kabureta. Mlio mdogo wa “tik” usiposikika, tazama waya na fyuzi kabla ya kukihukumu kifaa. Ukisikika na gari bado linazima, jeti ya sailensi ifunguliwe, isafishwe kwa dawa ya kabureta na kupulizwa kwa upepo wa kompresa. Isichokonolewe kwa waya wala sindano, kwani tundu la nusu milimita likipanuka halirudi lilivyokuwa. Na uchafu ukirudi baada ya wiki mbili, dawa haiko kwenye kabureta tena, bali kwenye tangi lenye kutu na filta ya mafuta iliyochoka.

Hapo sasa, na si kabla, bisibisi inaruhusiwa. Injini ipate moto wake kamili, choki iwe imefunguka, taa na feni zizimwe, gia iwe huru na hendibreki imevutwa. Injini ikiwa imezimwa, skrubu ya mchanganyiko izungushwe ndani taratibu hadi iguse mwisho, huku mizunguko ikihesabiwa na kuandikwa ili pawe na pa kurudi. Isikazwe kwa nguvu, maana ncha yake ni nyembamba na huharibika. Kisha irudishwe nje mzunguko mmoja na nusu, ambao kwa makabureta mengi ni mahali pazuri pa kuanzia. Washa injini, weka sailensi kwenye kipimo chake, halafu zungusha skrubu ya mchanganyiko robo kwa robo, ukingoja kidogo kila mara, mpaka injini ifikie mlio wa kasi na utulivu kuliko wote. Mwisho rudisha sailensi kwenye kipimo. Kama skrubu hiyo imefungwa kwa kizibo cha kiwandani, mwachie fundi mwenye kifaa cha kupimia moshi.

Ikiwa yote haya yamefanywa na gari bado halitulii, basi nafasi ya valvu na mgandamizo wa kila silinda vipimwe. Silinda moja iliyochoka haiponyeshwi na kabureta ya bei yoyote.

Yabaki mambo matatu ambayo hayahusu fedha bali maisha. Kwanza, ile desturi ya kumimina petroli kwa chupa kwenye koo la kabureta huku mwingine akipiga stata iachwe. Injini inaweza kurudisha moto nje, na chupa iko mkononi mwa mtu. Pili, injini isiachwe inanguruma ndani ya banda lililofungwa, wala watoto wasilazwe ndani ya gari lililowashwa likiwa limesimama. Moshi wake una gesi ya kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu, na huua mtu akiwa usingizini. Tatu, gari likizima kwenye mteremko, busta ya breki hupoteza nguvu baada ya kukanyaga mara moja au mbili. Pedeli itakuwa ngumu, lakini breki bado ipo: kanyaga kwa nguvu zote bila kuachia, kisha vuta hendibreki. Kila dereva wa nyumbani, mume kwa mke, aelezwe hili kabla ya siku hiyo.

Basi unapompelekea fundi gari lako, muulize maswali manne kabla hujatoa fedha ya kabureta: je, plagi na taimingi zimetazamwa? Je, mipira na gasketi zimekaguliwa? Je, jeti ya sailensi imesafishwa? Je, mgandamizo umepimwa? Fundi mwaminifu hatachukizwa na maswali hayo. Na kila linapobadilishwa jambo, liwe moja kwa wakati mmoja, na liandikwe kwenye daftari linalokaa ndani ya gari pamoja na tarehe yake, ili fundi wa kesho asianze upya kwa gharama yenu.