UCHAMBUZI: Kitu kidogo kwenye usukani chaweza kuangusha ndege

INAPOTOKEA ajali ya ndege, fikira za wengi hukimbilia injini iliyozimika, hali mbaya ya anga au shambulio la kigaidi. Ni wachache wanaowaza kwamba kifaa cha kubebwa mkononi, kikiachwa karibu na usukani, chaweza kuangamiza maisha ya watu wengi.

Hivyo ndivyo ilivyotukia usiku wa manane mnamo Oktoba 2, 2015 katika uwanja wa ndege wa Jalalabad, Afghanistan. Mizigo mirefu ilikuwa ikipakiwa kwa nyuma katika ndege ya jeshi la Marekani aina ya C-130J. Ili kibawa cha mkia kisizuie kazi hiyo, rubani aliuvuta usukani kuelekea kwake kibawa kikainuka. Kisha akaweka kasha gumu la miwani ya kuonea gizani mbele ya usukani, lishike zamu badala ya mikono yake.

Mizigo ikaingia, kasha likasahaulika. Ndege ilipopaa, pua yake ilizidi kuelekea juu na marubani wakashindwa kuishusha. Walidhani ni hitilafu ya mtambo wa kusawazisha ndege. Haikupita hata nusu dakika kabla ya ndege hiyo kuanguka. Watu wote 11 waliokuwa ndani waliaga dunia, pamoja na Waafghani watatu waliokuwa ardhini.

Ni rahisi kumtwika rubani lawama na kufunga faili. Lakini lawama haiwezi kuzuia ajali ya kesho. Swali la maana ni hili: ni kinga gani ingeliumbua kasha hilo kabla ya magurudumu kuiacha ardhi?

Jibu laweza kutafutwa katika historia. Orodha ya ukaguzi ambayo marubani huisoma kabla ya kupaa ilizaliwa na mkasa unaofanana sana na huo. Mnamo Oktoba 30, 1935, ndege ya majaribio ya kampuni ya Boeing iitwayo Model 299 ilianguka ilipokuwa ikipaa kutoka Wright Field, jimbo la Ohio. Kulikuwa na kufuli ya kuzuia vibawa vya kuongozea visichezwe na upepo ndege inapoegeshwa, na hakuna aliyekumbuka kuifungua. Watu wawili walifariki. Waliokuwa wakiiendesha walikuwa mabingwa wa kazi yao. Kilichowaponza ni kumbukumbu, wala si ukosefu wa ujuzi. Tangu hapo ikaamuliwa kwamba kazi ya kukumbuka iachiwe karatasi.

Hapa ndipo penye kiini cha suala hili. Kufuli ni kifaa rasmi, chenye jina lake na mstari wake katika orodha. Aghalabu hufungwa utepe mwekundu ili ionekane upesi. Kasha la Jalalabad lilifanya kazi ile ile ya kufuli, ila halikuwa na utepe wala mstari katika karatasi yoyote. Orodha hulinda dhidi ya hatari inayojulikana. Kifaa cha kubahatisha huipita kando.

Hata orodha yenyewe haifai kitu isipofuatwa. Mnamo Mei 31, 2014, ndege aina ya Gulfstream IV ilishindwa kupaa mjini Bedford, Massachusetts, ikapita mwisho wa njia na kuteketea. Watu wote saba waliokuwamo walikufa. Kufuli ilikuwa haijafunguliwa. Wachunguzi wa Marekani waligundua kwamba katika safari 175 zilizotangulia, marubani hao hawakuwa wamekagua kikamilifu mwendo wa usukani katika asilimia 98 ya safari hizo.

Tena hatari haiishi ardhini. Mnamo Februari 9, 2014, ndege ya jeshi la Uingereza aina ya Voyager ilikuwa juu ya Bahari Nyeusi ikielekea Afghanistan, ikiwa na watu 198. Rubani aliyekuwa peke yake katika chumba cha kuongozea alisogeza kiti chake mbele. Kamera yake ilikuwa imekwama kati ya egemeo la mkono na kijiti cha kuongozea, nayo ikakisukuma kijiti hicho. Ndege ikashuka futi 4,400 kwa sekunde 27. Ilinusurika kwa sababu ilikuwa juu sana, futi 33,000, na kompyuta zake zikasaidia kuiinua. Ndege ya Jalalabad haikuwa na akiba hiyo ya kimo.

Kiti chenyewe chaweza kuwa tatizo. Mnamo Machi 2024, watu wapatao 50 walijeruhiwa katika ndege ya Boeing 787 iliyokuwa ikitoka Sydney kwenda Auckland, baada ya kiti cha rubani kujongea mbele bila yeye kukusudia. Mwaka huo huo, mamlaka ya usafiri wa ndege ya Marekani iliagiza swichi za viti katika ndege za aina hiyo zikaguliwe. Suala hili linatugusa, kwani shirika la Kenya Airways limekuwa likitumia ndege za 787 tangu 2014.

Kuna mambo matatu ya kuzingatiwa. Kwanza, kila kinachoingia katika chumba cha marubani, iwe simu, tabuleti ya ramani, chupa ya maji au kamera, kiwe na mahali pake pa kufungiwa. Pili, kitu chochote kisiwekwe kwenye usukani isipokuwa kufuli rasmi yenye utepe. Tatu, usukani uzungushwe mpaka mwisho pande zote kabla ya kila safari, hata ikiwa ni ya kumi siku hiyo.

Masharti haya hayahitaji fedha nyingi. Yanafaa kwa ndege kubwa za JKIA na pia kwa ndege ndogo za Wilson, ambamo nafasi ni finyu na rubani huketi bega kwa bega na mizigo au abiria. Wakaguzi wa serikali wanapopima injini na magurudumu, waulize pia: rubani anaiweka wapi simu yake?

Wahenga walisema mdharau mwiba mguu huota tende. Angani, mwiba huo waweza kuwa kasha la miwani.