Taa Kali Si Tiba Bora

Mwanafunzi wa Makole, Dodoma, azibwaye jino kwa rezini humulikwa mwanga wa buluu. Mwanga huo, wenye urefu wa wimbi wa nanomita 470 hivi, huziunganisha molekuli za rezini hata ikawa ngumu. Joto hutoka pande mbili: katika taa, na katika muungano huo wa kikemia.

Ni kosa kudhani kwamba taa kali zaidi ndiyo bora zaidi. Ndani ya jino mna kiini hai, chenye mishipa ya damu na neva. Mwaka 1965 Zach na Cohen walipasha joto meno ya kima. Joto la kiini lilipopanda kwa nyuzi 5.5 za Sentigredi, viini vipatavyo 15 katika kila 100 havikupona. Kima si binadamu, na dentini hupitisha joto polepole. Lakini tundu likiwa refu, ngao hiyo huwa nyembamba.

Wala kupunguza mwanga ovyo si dawa, kwani rezini isiyoganda barabara haidumu. Yapasa kumulika kwa muda uliopimwa, kupumzisha jino baina ya tabaka na tabaka, na kulipuliza hewa.

Mkataba wa Minamata wa 2013 wataka vijazio vya zebaki vipunguzwe; hivyo haja ya rezini itazidi. Basi kila taa inunuliwapo, kinunuliwe pia chombo cha kupimia nguvu yake. Kasi bila kipimo huweza kuliua jino lililokusudiwa kuponywa.