Si Kila Kivuli Kifuani ni Kifua Kikuu

Jina la Idete, kijiji cha wakulima wa mpunga katika bonde la Kilombero, lilipata kusomwa na matabibu wa dunia nzima mwaka 1994, pale jarida la The Lancet la Uingereza lilipotangaza matokeo ya chanjo ya malaria iitwayo SPf66, aliyoibuni Manuel Patarroyo wa Kolombia, ikajaribiwa kwa watoto wa huko wenye umri wa mwaka 1 hadi 5. Chanjo ile, iliyoonekana Idete kupunguza homa za malaria kwa asilimia 31, haikufua dafu ilipojaribiwa baadaye kwingineko. Walakini sifa ya utafiti ilibakia bondeni, kwani tangu mwaka 1957, Rudolf Geigy wa Uswisi alipoanzisha maabara yake Ifakara, hapajakosekana mtaalamu wa kuhesabu mbu wetu na kuandika habari za homa zetu. Hilo ni jema, na nisidhaniwe kuwa nalibeza. Ninalodai ni kwamba mkulima yule yule, ambaye malaria yake inajulikana hata Basel, Uswisi, akiota uvimbe wa nadra ndani ya kifua chake, aghalabu atatibiwa maradhi asiyo nayo.

Tazama mambo yaendavyo. Mtu anakohoa, kifua kinamwuma, anakonda. Anapigwa eksirei, na picha inaonyesha kivuli. Dhana ya kwanza ni kifua kikuu, nayo ni dhana ya haki, maana Tanzania imo katika orodha ya nchi 30 ambazo Shirika la Afya Duniani linazihesabu kuwa zenye mzigo mkubwa wa maradhi hayo, na tabibu asiyeanzia hapo amekosa hadhari. Makohozi yanapimwa, kijidudu hakionekani, na bado mgonjwa anaandikiwa vidonge, kwa kuwa kifua kikuu huweza kujificha kisionekane katika makohozi. Na hapo pia sioni kosa. Kosa naliona mwezi wa tatu, pale kivuli kilipo vile vile au kimekua, mgonjwa anazidi kudhoofika, naye anaambiwa amalize dozi ya miezi 6, kana kwamba vidonge vyenyewe vimekuwa ushahidi wa maradhi.

Nyuma ya mfupa wa kidari, mbele ya moyo, ipo tezi iitwayo thaimasi, ambayo kwa mtoto huwa kubwa na kwa mtu mzima husinyaa ikawa mafuta matupu. Tezi hii huweza kuota uvimbe uitwao thaimoma, ulio adimu hata Marekani, ambako huwapata watu wasiozidi wawili katika kila milioni kwa mwaka. Na karibu theluthi ya wenye uvimbe huo hupatwa na udhaifu wa ajabu wa misuli, kope zikaanguka ifikapo jioni, kitu kimoja kikaonekana viwili, taya zikachoka kabla chakula hakijaisha, na sauti ikaingia puani. Ni nani atakayefikiri kwamba kope ya jicho inaugua kwa sababu ya kilichomo kifuani? Tabibu Alfred Blalock wa Marekani alimtoa uvimbe wa thaimasi msichana mwenye udhaifu huo mwaka 1936, akapata nafuu, na tangu hapo uhusiano wa mawili hayo ni jambo la yakini katika vitabu vya tiba. Lakini kwetu mgonjwa wa namna hiyo huweza kuzungushwa kwa mabingwa wa macho, kisha kwa waganga wa kienyeji, asipigwe picha ya kifua hata mara moja.

Wala thaimoma haiko peke yake. Mahali hapo hapo huota limfoma, yaani saratani ya matezi, na kwa vijana wa kiume huota uvimbe wa chembe za uzazi, ilhali korodani zao ni nzima kabisa. Kwa macho ya eksirei vyote ni kivuli kimoja, na tiba zake hazifanani hata kidogo. Thaimoma yataka kisu, kidari kifunguliwe na tezi yote itolewe. Limfoma haitaki kisu bali dawa za saratani. Na ule wa chembe za uzazi mara nyingi hujifichua katika damu, kwa homoni ile ile inayopimwa kwa mama mjamzito, kisha huyeyuka kwa dawa za sisplatini hata kijana aliyekuwa taabani akarudi shambani. Fauka ya hayo, mgonjwa aliyevimba uso na shingo, mishipa ya kifua imemtutumka kwa kuwa uvimbe umebana mshipa mkuu wa damu, huweza kukatika pumzi akilazwa chali na kupewa nusu kaputi. Na dawa za steroidi, zinazotolewa kwa pupa ili kumtuliza, huweza kuisinyaza limfoma kabla kipande chake hakijachukuliwa, kipande kikaja kusomwa kisiseme lolote.

Kwa hiyo jambo ni kile kipande cha nyama ya uvimbe, kinachosomwa kwa hadubini. Wako watakaosema kwamba nchi yenye malaria na kifua kikuu haina fedha za kuhangaikia uvimbe wa nadra, na hoja hiyo ingekuwa na uzito kama hadubini ya patholojia ingekuwa ya uvimbe wa nadra tu. Lakini hadubini hiyo hiyo husoma matiti, shingo ya kizazi na matezi ya shingoni, na miezi 6 ya vidonge visivyomfaa mtu nayo ina gharama, hasa kwa aliyeuza mpunga wake apate nauli. Si lazima mgonjwa wa Idete asafiri zaidi ya kilomita 400 hadi hospitali za Ocean Road au Muhimbili, Dar es Salaam, ili kujua anaugua nini: maadamu yupo wa kukichukua kwa sindano kwa usalama, kipande ndani ya chupa ya fomalini huweza kumtangulia, na picha za hadubini hupita kwenye intaneti. Safari ya Dar es Salaam iwe ya tiba, isiwe ya kubahatisha.

Ningependa kuona mambo mawili. Kwanza, mgonjwa aliyeanzishiwa dawa za kifua kikuu bila kijidudu kuonekana, na asiyepata nafuu ifikapo mwezi wa pili, atafutiwe kipande, na gharama yake ihesabiwe katika kitita cha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023. Pili, majibu ya kipande yarudi mpaka zahanati alikotoka mgonjwa, kwa maandishi; maana tabibu wa kijijini aliyeshuku, akamwandikia rufaa, hupitisha miaka bila kuambiwa kama alishuku sawa, na mgonjwa mwingine mwenye kope zilizolegea akija kesho, atamtazama kwa ujuzi ule ule aliokuwa nao jana.