Safari ya hisabati California: Mlango u wazi, ngazi ni ndefu

MPANGO Mkuu wa Elimu ya Juu wa California, uliopitishwa mwaka 1960, ulibeba ahadi kubwa: kijana asiyeweza kuingia chuo kikuu moja kwa moja aanzie chuo cha jamii, kisha ahamie chuo kikuu akiingia mwaka wa tatu. Leo jimbo hilo la Marekani lina vyuo vya jamii 116. Hata hivyo, kwa anayelenga shahada ya hisabati, ahadi hiyo hutegemea mpangilio wa mihula sawa na inavyotegemea akili.

Masomo ya hisabati hupandwa kidato kwa kidato. Kalkulasi ya kwanza hutangulia ya pili, nayo ya pili hutangulia ile ya vigeu vingi. Aljebra ya mstari na milinganyo tofautishi hufuatia. Kwa kawaida mfululizo huo huchukua mihula minne, yaani miaka miwili kamili. Anayeanzia chini ya kalkulasi, au anayeanguka somo moja, huingia mwaka wa tatu angali chuo cha jamii. Baadhi ya vyuo vidogo navyo havifundishi masomo ya juu kila muhula, kwa uchache wa wanafunzi.

Bunge la jimbo limejaribu kuifupisha njia. Sheria ya mwaka 2017 ilipunguza madarasa ya marudio. Ile ya mwaka 2022 inavisukuma vyuo kuwaanzishia kalkulasi wanafunzi wa sayansi na hisabati. Watetezi wake husema kila muhula wa maandalizi huwaacha wengi njiani. Wakosoaji, wakiwamo walimu wa hisabati, hujibu kwamba asiye na msingi ataangushwa na kalkulasi hiyo hiyo.

Juu ya ngazi kuna kikwazo kingine. Sheria ya mwaka 2010 ilianzisha shahada ya awali ya uhamisho, inayomhakikishia mhitimu nafasi katika mfumo wa California State University, ingawa si lazima iwe kampasi aipendayo. Katika mfumo wa University of California, kampasi sita hutoa hakikisho kwa masharti yake, lakini Berkeley, Los Angeles na San Diego hazitoi. Tena kila kampasi ina orodha yake ya masomo ya awali. Tovuti ya ASSIST huonyesha somo gani la chuo kipi hukubaliwa wapi. Anayeifungua akiwa mwaka wa pili huwa amechelewa.

Funzo hilo lawahusu pia vijana wa Afrika Mashariki wanaoanzia vyuo hivyo. Aliyesoma Hisabati ya Juu hadi kidato cha sita nchini Tanzania amekwisha kukutana na kalkulasi; hana budi kuhoji kabla ya kukubali kurudishwa nyuma.

Sheria zimeupanua mlango, lakini kazi ya kupanga ngazi bado imeachwa mabegani mwa kijana ambaye ndiyo kwanza ametoka sekondari. Ajizi ni nyumba ya njaa. Hapa njaa yenyewe ni mwaka mzima wa ada.