Kriketi: Takwimu za Uganda zilipimwa kwa mizani gani?

NAGURU, Kampala

Mwaka 2023 hakuna mrushaji aliyeangusha wiketi nyingi katika mechi za kimataifa za ova 20 kuliko Alpesh Ramjani wa Uganda. Alimaliza mwaka na wiketi 55, akiruhusu chini ya mikimbio mitano kwa ova. Baraza la Kimataifa la Kriketi, ICC, likamtia katika orodha ya wanne waliowania tuzo ya mchezaji bora wa mwaka wa mtindo huo, sambamba na Suryakumar Yadav wa India.

Juni 2024 Uganda ikaenda Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza. Dhidi ya Afghanistan warushaji wake waliachia mikimbio 183, na dhidi ya West Indies 173. Hiyo ni karibu mikimbio tisa kwa kila ova, takriban mara mbili ya kiwango cha Ramjani mwaka uliotangulia. Wapigaji nao walitolewa wote kwa mikimbio 58 katika mechi ya kwanza na 39 katika ile ya West Indies. Hiyo 39 ilifikia rekodi ya idadi ndogo kuliko zote katika historia ya mashindano hayo, iliyowekwa na Uholanzi mwaka 2014. New Zealand ikawatoa kwa 40.

Kwa wapenzi wa kriketi wanaoteremka kutoka Naguru kwenda uwanja wa Lugogo, mjadala wa matokeo yale umekuwa mara nyingi ni wa moyo na uzoefu: vijana waliogopa, taa zilikuwa kali, majina ya wapinzani yalikuwa makubwa. Huenda. Lakini kuna maelezo mengine ambayo hayahitaji kupima moyo wa mtu. Takwimu zilizotufurahisha mwaka 2023 zilikuwa za kweli, ila zilijibu swali ambalo si lile lililoulizwa kwenye Kombe la Dunia.

Tukumbuke namba hizo zilivyopatikana. Hadi mwisho wa 2018, mechi za wanaume za ova 20 zilihesabiwa kuwa za kimataifa kwa nchi chache tu. Kuanzia tarehe 1 Januari 2019, ICC iliipa hadhi hiyo kila mechi kati ya timu za taifa za nchi wanachama. Kwa wanawake ilikuwa imeanza Julai 2018. Ghafla mechi ya Uganda na Rwanda ikaingia kwenye daftari moja na mechi ya India na Australia. Kwa ukanda wetu lilikuwa jambo kubwa. Wachezaji waliocheza miaka mingi bila kumbukumbu rasmi wakapata rekodi ya kila mpira waliorusha na kila mpira waliopiga.

Daftari lilikuwa moja, uzito wa mechi haukuwa mmoja. Mfano ulio wazi kuliko yote ulitokea Kigali, Juni 2019, katika mashindano ya Kwibuka yanayowakumbuka waliouawa katika mauaji ya kimbari ya 1994. Wanawake wa Uganda walipata mikimbio 314 kwa wiketi 2 dhidi ya Mali, rekodi ya dunia wakati huo, kisha wakaitoa Mali kwa mikimbio 10. Prosscovia Alako alifunga 116 na Rita Musamali 103 bila kutolewa. Siku mbili kabla, Mali hiyo hiyo ilikuwa imetolewa na Rwanda kwa mikimbio 6. Ukichukua wastani wa mpigaji ambamo mna mechi kama ile, umechukua namba isiyokusaidia chochote siku unapomkabili mrushaji wa Zimbabwe.

Wanaume nao wana mfano wao, na huu unauma kidogo kwa sababu unagusa siku tuliyoshangilia. Huko Providence, Guyana, Uganda iliishinda Papua New Guinea kwa wiketi tatu. Frank Nsubuga, aliyekuwa na miaka 43 na mkubwa kuliko wachezaji wote wa mashindano yale, alirusha ova zake nne, yaani mipira 24, akaruhusu mikimbio minne tu na kuangusha wiketi mbili. Hakuna aliyewahi kubana namna hiyo katika Kombe la Dunia la ova 20. Rekodi ilidumu siku 12. Lockie Ferguson wa New Zealand alirusha mipira 24 bila kuruhusu hata mkimbio mmoja, akaangusha wiketi tatu. Mpinzani wake alikuwa nani? Papua New Guinea ile ile. Heshima ya Nsubuga haipungui kwa hilo, lakini mchambuzi akiona rekodi mbili za aina moja zimewekwa dhidi ya timu moja ndani ya wiki mbili, lazima aitazame timu hiyo na viwanja ilivyochezea kabla ya kuwasifu warushaji.

Katika mechi hiyo hiyo, Riazat Ali Shah alipata mikimbio 33 kwa mipira 56. Kwa kipimo cha kawaida cha ova 20, ambapo mpigaji hutarajiwa kupata angalau mkimbio mmoja kwa kila mpira, huo ni mwendo wa konokono. Lakini Uganda ilikuwa imepoteza wapigaji watano kabla ya kufikisha mikimbio 30, na ilikuwa inatafuta 78 tu. Polepole ya Riazat ndiyo iliyoshinda mechi, na ndiye aliyetajwa mchezaji bora wa siku. Namba bila hali yake ingemwacha nje ya kikosi.

Wenzetu wa michezo mingine wamelitatua tatizo hili mapema. Chukua pikoboli, mchezo wa kibao na mpira wa plastiki wenye matundu uliobuniwa karibu na Seattle, Marekani, mwaka 1965. Mfumo wake wa viwango, DUPR, humpa mchezaji alama kati ya 2 na 8, na alama hiyo hupanda au kushuka kwa kuangalia nguvu ya aliyesimama ng'ambo ya wavu. Orodha ya ubora wa timu za ICC nayo hupima mpinzani. Ila wastani wa mchezaji unaosomwa kwenye jedwali, ule unaonukuliwa redioni na kwenye vibanda vya magazeti, hauulizi alicheza na nani.

Kwa hiyo hatua ya kwanza haigharimu shilingi. Ni kuyagawa majedwali. Mechi dhidi ya Zimbabwe, Namibia na wenye nguvu zaidi ziwekwe peke yake. Zilizobaki ziwekwe kando. Jedwali la kwanza litakuwa fupi mno, na ufupi huo wenyewe ni habari. Ndani yake kuna siku ya Novemba 2023, Windhoek, Uganda ilipoifunga Zimbabwe kwa wiketi tano na kujifungulia njia ya Kombe la Dunia. Ramjani alipiga 40 siku hiyo, Riazat 42. Kwa maoni yangu, mikimbio ile 40 inatueleza zaidi kuhusu Ramjani kuliko nusu ya wiketi zake 55.

Kuna faida nyingine tuliyokuwa nayo Windhoek ambayo haipo tena. Zimbabwe ni nchi ya kriketi ya miaka mingi, na wachezaji wake tumewaona kwenye televisheni mpaka tabia zao tunazijua. Wao walikuwa na kidogo cha kutusoma. Baada ya Kombe la Dunia, kila mpira wa Uganda umerekodiwa kwa kamera nyingi, na kasoro za wapigaji wetu zinaweza kuhesabiwa na yeyote mwenye kompyuta.

Matokeo ya Harare ya Septemba na Oktoba 2025 yasomwe kwa mwanga huo. Afrika ilikuwa na nafasi mbili za Kombe la Dunia la 2026. Tanzania na Kenya zilifika nusu fainali na kuishia hapo, Uganda ikakwama kwenye makundi, na nafasi zote mbili zikachukuliwa na Namibia na Zimbabwe. Si suala la fahari tupu. Mwaka 2024, timu zilizomaliza kati ya nafasi ya 13 na 20 zilipewa dola 225,000 kila moja, na kila ushindi uliongeza dola 31,154. Kwa vyama vya kriketi vya ukanda huu, fedha kama hizo ni nyingi.

Hapa ndipo Jumuiya ya Afrika Mashariki inapoingia, ingawa najua makocha hawatalipenda. Uganda, Kenya, Tanzania na Rwanda zinakutana kila mara na zinajuana kama watu wa nyumba moja. Siri iliyobaki kati yao ni ndogo. Wanachokosa wote ni kumbukumbu za chini: ligi za klabu, mechi za shule, vijana wa miaka 15 ambao hakuna anayeandika mipira yao ilidondoka wapi. Kila chama kikianza peke yake, kitapata wachezaji wachache wa kulinganisha. Wakitumia fomu moja ya kuandika mpira, yenye urefu, upande na matokeo, na wakaziweka pamoja, mrushaji wa Dar es Salaam ataweza kulinganishwa na wa Kampala kabla hawajakutana, na vyama vitajua ni kijana yupi apelekwe Windhoek au Harare akapimwe na wenye nguvu.

Fomu hiyo inaweza kujazwa na mwanafunzi mwenye simu na subira ya mipira 240. Kazi ngumu ni kukubaliana nani atunze kumbukumbu hizo, na kama chama kilichofungwa wiki hii kitazituma takwimu zake wiki ijayo.